Ngalawa ya Mkwaja si ya baba peke yake

Mzazi anayetoka Tanga kwenda Mkwaja kutafuta chombo cha kununua huanza safari kwa gari na kuimaliza kwa miguu juu ya mchanga. Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 hivi. Mjini Pangani mto unakata njia, na kwa miaka mingi watu na magari wamevushwa kwa pantoni hadi Bweni, ng'ambo ya pili. Kutoka hapo njia inaelekea kusini, inapita mkonge wa Mwera, minazi na vichaka, hadi Mkwaja, kijiji kilichobanwa kati ya bahari na Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Barabara hiyo ndiyo iliyobadilisha habari ya vyombo. Zamani aliyenunua ngalawa Mkwaja alijua kuwa itarudi naye kwa maji, na kwa maji tu. Sasa kuna mradi wa barabara ya lami ya kilomita 256 kutoka Tanga, kupitia Pangani na Saadani, hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Kipande cha Tungamaa, Mkwaja hadi Mkange peke yake ni kilomita 95.2. Lori linalopita njia hiyo linaweza kubeba ngalawa kama linavyobeba magunia ya mkaa, na mtu wa Tanga, Muheza au hata Bagamoyo anaweza kununua chombo mbali na bandari yake.

Mkwaja penyewe pana historia ya mifugo kabla ya hifadhi. Kampuni ya mkonge ya Amboni ilikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe hapa tangu miaka ya 1950. Mbung'o waliwatesa ng'ombe na dawa zikala faida, ranchi ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingia katika Saadani, hifadhi ya taifa inayojulikana kwa wanyama wake kufika hadi ufukweni. Kaskazini kidogo mwa Saadani yenyewe, kwenye ufukwe wa Madete, kasa hupanda usiku kutaga. Kwa hiyo mtu wa Mkwaja akitazama nyuma anaona pori lenye mpaka wa serikali, akitazama mbele anaona maji. Ngalawa kwake ni jembe.

Na jembe la mtu haliuzwi bila sababu. Hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kuanzia, kabla hajagusa ubao wowote.

Chukulia familia ya Sahare, Tanga mjini. Baba anafanya vibarua, mama anakaanga samaki jioni. Mtoto wa kwanza, kijana wa miaka 19, amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakumpeleka popote. Anakwenda baharini na vyombo vya watu, na kila mgao ukifika anaona fungu la mwenye chombo likitolewa kwanza, kisha la nyavu, ndipo wavuvi wagawane kilichobaki. Baba anapiga hesabu rahisi: tukiwa na chombo chetu, fungu lile litaingia nyumbani. Mama ana pesa zake za kikoba zitakazogawanywa mwisho wa mwaka. Mtoto wa pili ana miaka 14 na yuko kidato cha kwanza.

Hesabu ya baba si mbaya. Imepungukiwa vitu viwili tu: hali halisi ya chombo chenyewe, na huyo mtoto wa miaka 14.

Chombo kwanza. Chombo kidogo cha tanga kinachouzwa pwani hii mara nyingi ni ngalawa, ingawa wapo wenye mitumbwi, madau na mashua. Ngalawa ni gogo lililochongwa, kwa kawaida la mwembe, likaongezewa mbao ubavuni. Ina mirengu miwili, mmoja kila upande, inayoshikwa na miti iliyokatiza juu ya chombo, na mirengu hiyo ndiyo inayoizuia kupinduka. Ina mlingoti mmoja, foromali na tanga la pembe tatu. Sifa yake kubwa kwa mtu wa mbali ni kwamba inafunguka. Kamba zikikatwa, mirengu inatoka, miti inatoka, mlingoti unang'olewa, na kinachobaki ni gogo jembamba la mita tano au sita ambalo wanaume wachache wanaweza kulisukuma kwa magogo ya kuviringisha hadi kwenye lori. Mashua ya mbao yenye mkuku na mataruma haikubali hivyo. Ni pana, ni nzito, na ikipigwapigwa njiani misumari yake inalegea.

Watu hununua zilizotumika kwa sababu miembe mikubwa iliyonyooka inazidi kuwa adimu, na fundi wa kuchonga anataka malipo na muda. Zipo pia boti za faiba, ambazo serikali imekuwa ikizitoa kwa mkopo kwa wavuvi na vikundi. Ni imara na haziozi, lakini zinakwenda kwa mashine, na mashine inataka petroli kila siku hata siku isiyo na samaki. Upepo haudai kitu.

Mwenye subira huenda kuuliza bei wakati kusi imekaza. Kuanzia masika vyombo vidogo havitoki kila siku, na mtu ambaye chombo chake kimelala mchangani wiki nzima huanza kukitazama kwa jicho la muuzaji. Kaskazi ikitulia na samaki wakapatikana, jicho hilo hubadilika.

Ufukweni ngalawa huonekana nzuri zote. Zimelala chini ya minazi, zimepakwa rangi, nyingine zina jina la mtoto au la dua omoni. Rangi mpya isimpendeze mtu. Rangi mpya juu ya ngalawa inayouzwa ni kama pafyumu kwenye nguo ambayo haijafuliwa.

Mnunuzi anayejua huenda na mvuvi wa kwao, mzee kuliko yeye, na huyo mzee hatazami rangi. Anapiga magoti. Anagonga gogo kwa vifundo vya vidole kuanzia omo hadi tezi na kusikiliza. Mti mzima unajibu kwa sauti kavu; palipooza panajibu kama kibuyu kilicholowa. Kisha anachukua kisu na kuchoma taratibu sehemu tatu. Ya kwanza ni kandokando ya misumari, kwa sababu msumari wa chuma ukishika kutu hula mti ulioushika na kuacha doa jeusi. Ya pili ni pale mlingoti unapokaa, ambapo maji ya mvua hutuama. Ya tatu ni chini kabisa, upande unaolala mchangani. Kisu kikizama bila kulazimishwa, mazungumzo ya bei yanaanza upya au yanakwisha.

Yupo pia mdudu. Baharini kuna funza atobowaye mbao, tundu lake la kuingilia ni dogo kama ncha ya sindano lakini ndani ametengeneza mahandaki. Wavuvi humkabili kwa kukipandisha chombo ufukweni, kukausha na kuwasha makuti chini yake, moto wa haraka unaobabua bila kuunguza, kisha kupaka deheni, yaani mafuta na chokaa. Chombo ambacho kimekuwa kikipandishwa na kuchomwa kinaonyesha weusi chini. Weusi huo ni habari njema. Chombo ambacho kimeachwa kwenye maji miezi kwa miezi ndicho cha kuogopa.

Jaribio moja halina gharama na wauzaji wengi hawawezi kulikataa: chombo kinainuliwa juu ya magogo, kinamwagiwa ndoo kadhaa za maji kwa ndani, na mnunuzi anazunguka nje akitazama panapolia. Nyufa zilizozibwa kwa pamba na lami zitaonekana, viraka vya bati vilivyofichwa na rangi vitajitaja. Kuvuja kidogo kwenye mbao za ubavuni si kosa la kumkimbiza mtu, hasa kama chombo kimekaa juani muda mrefu, maana mbao zilizokauka hujifunga zikinywa maji siku mbili tatu. Ufa kwenye gogo lenyewe, unaofuata mshipa wa mti kutoka kwenye msumari hadi kwenye msumari, ni jambo jingine.

Tanga nalo lisichukuliwe kuwa nyongeza ya bure. Mengi siku hizi hushonwa kwa viroba au turubai badala ya kitambaa cha pamba. Kiroba kilichokaa juani hakichaniki kwa kelele, kinageuka unga. Sugua pindo kwa vidole; unga ukibaki mkononi, tanga hilo litakufa siku ya upepo wa kwanza, na siku ya upepo wa kwanza ndiyo linapohitajika. Kamba za kufungia mirengu zihesabiwe kuwa mpya tangu mwanzo. Hakuna mtu mwenye akili anayesafiri kwa fundo lililofungwa na mtu asiyemjua.

Baada ya hayo ndipo swali la kwa nini chombo kinauzwa linapata uzito wake. Kwa adabu ya pwani haliulizwi moja kwa moja. Mtu husalimia, shikamoo kwa mkubwa, huulizia watoto, upepo, samaki wa juzi, hukaa kidogo barazani, na swali linaingia lenyewe. Majibu ya kawaida ni ya nyumbani kama yale ya mnunuzi: mzee macho yamepungua, mtoto kaenda Dar es Salaam, kuna mgonjwa, kuna ada. Majibu hayo ni ya kweli mara nyingi. Lakini jibu la muuzaji linapimwa kwa majirani. Kijijini kila mtu anajua ngalawa ipi ilipinduka, ipi imeunganishwa omo baada ya kugonga mwamba, na ipi ilikamatwa.

Hiyo ya kukamatwa si mzaha. Pwani ya Tanga iliteswa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na msako uliofuata haukuwa mchezo. Chombo kinachotumika kwenye uvuvi haramu kinaweza kutaifishwa, na mnunuzi aliyetoa fedha taslimu chini ya mnazi bila karatasi hana cha kuonyesha. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003: chombo cha kuvulia kinahitaji kusajiliwa na kuwa na leseni, na namba yake huonekana kwenye ubavu. Kazi ya mnunuzi ni kulinganisha namba hiyo na karatasi, kumuuliza ofisa uvuvi wa wilaya Pangani kabla ya kulipa, na kupita kwa viongozi wa BMU, kikundi cha ufukweni kinacholinda rasilimali za bahari. Hati ya mauziano iandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, kukiwa na mashahidi wa pande zote mbili. Chombo kikihamia wilaya nyingine, habari hizo zifike kwa ofisa uvuvi wa huko pia. Na anayetaka kuvua jirani na Mkwaja ajue kwamba hifadhi ya Saadani haiishii kwenye mchanga. Sehemu yake imo baharini.

Karatasi hiyo ya mauziano ina nafasi ya jina la mnunuzi. Hapo ndipo kalamu huenda kwa baba bila mtu kufikiri.

Fedha nyingi za ngalawa ya familia ya Sahare zimetoka kwenye kikoba cha mama. Zilizobaki zimetoka kwenye mfuko wa baba, ambao haukuliwa na chakula kwa sababu mama alikuwa anakaanga samaki. Si jambo la ugomvi, ni jambo la hesabu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililisema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Shauri hilo lilihusu ndoa iliyovunjika. Familia ambayo haijavunjika inaweza kuandika majina mawili kwenye karatasi moja bila kwenda mahakamani, na inaweza kukubaliana mapema ni sehemu gani ya fungu la chombo itarudi kwenye kikoba, sehemu gani itawekwa kwa ajili ya kamba, pamba na tanga jipya, na ni nani anayeshika daftari.

Mama akiwa kwenye karatasi, anakuwa pia na sauti kwenye swali la pili, lile la mtoto wa miaka 14.

Chombo kikiwa cha watu, mtoto wa shule hapati nafasi ndani yake kirahisi. Kikiwa cha nyumbani, nafasi ipo kila siku. Kaka anahitaji mtu wa kufua maji na kushika kamba. Msaidizi wa kulipwa anataka fungu, mdogo wake hataki. Anaanza Jumamosi, inafuata likizo, kisha inakuja siku ya samaki wengi ambayo ni Jumanne. Mwalimu anaandika barua moja, mbili. Hakuna aliyeamua kumtoa mtoto shule. Chombo ndicho kilichomwita, na kila mmoja nyumbani alifurahia samaki.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelitaja jambo hili waziwazi. Katika orodha yake ya kazi hatarishi ambazo mtoto hatakiwi kufanyishwa, kwenda baharini kumo, pamoja na migodi na kubeba mizigo mizito. Na mtoto kwa sheria hiyo ni mtu yeyote chini ya miaka 18. Wazee wa pwani watasema wao walianza na miaka tisa, wakajifunza nyota na mikondo kabla ya kujifunza kusoma. Ni kweli, na elimu ile ni hazina. Lakini kumfundisha mtoto kuogelea, kufunga fundo, kusoma bamvua na maji mafu akiwa ufukweni na baba yake ni kitu kimoja, na kumfanya awe mkono wa kudumu wa chombo ni kingine. Mzazi anajua tofauti hiyo hata anapojifanya haijui.

Kwa hiyo bei ya ngalawa ya mitumba iongezwe mambo ambayo muuzaji hayataji: fungu la msaidizi mtu mzima tangu siku ya kwanza, na jaketi okozi kwa kila anayepanda. Jaketi huonekana ghali kwa sababu linanunuliwa siku ambayo fedha zimekwisha. Likiandikwa kwenye bajeti kabla ya kwenda Mkwaja, kinachopungua ni kiasi cha kumpa muuzaji, na muuzaji atashuka au hatashuka. Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapatikana kwenye simu ileile ambayo kijana anaangalizia mpira.

Bei ikikubalika, kuna kurudi nyumbani. Anayetaka kurudi kwa maji afuate msimu. Tanga iko kaskazini ya Mkwaja, kwa hiyo kusi inasukuma kutoka nyuma. Kaskazi inapuliza usoni, na chombo kinalazimika kupiga bisho siku nzima kwa mwendo mdogo. Lakini kusi hiyohiyo ikikaza inachafua bahari, na ngalawa ambayo mtu hajaizoea, yenye kamba za mtu mwingine, si ya kujifunzia njia ndefu. Wenye busara huondoka alfajiri na umande wa bara, huenda vipande vifupi, Kipumbwi, Ushongo, Pangani, na hulala nchi kavu.

Lori ni ghali zaidi na lina usalama wake. Gogo linalazwa juu ya magunia ya makumbi au matairi mabovu, si juu ya bodi tupu, na linafungwa sehemu tatu bila kukazwa mno, maana mwembe uliokazwa hupasuka kwenye tuta la kwanza. Mirengu na mlingoti vinalala pembeni, vimefungwa peke yake. Sehemu inayotokeza nyuma inapewa kitambaa chekundu. Dereva aambiwe kabla ya kupanga bei kwamba mzigo ni chombo, si mbao. Madereva wengine wakishaona ngalawa hukumbuka gharama mpya.

Ikifika Sahare isipelekwe kuvua kesho yake. Inakaa kwenye maji ya kina cha magoti, imefungwa, inanywa maji. Asubuhi ya kwanza itakuwa imejaa nusu na majirani watacheka. Asubuhi ya tatu inafuliwa maji kwa kopo, fundi anazungushia pamba palipobaki, mirengu inafungwa kwa kamba mpya. Ndipo kijana na mvuvi mzoefu wanaitoa karibu na pwani, wakati maji yanajaa, bila nyavu, waone inavyogeuka.

Tanga halilali ufukweni. Jua linalila na wezi wanalipenda, kwa hiyo jioni linakunjwa na kurudishwa nyumbani pamoja na usukani na kamba ya nanga. Katika nyumba ya vyumba viwili mahali pa kuliweka ni kwenye boriti juu ya kitanda cha wazazi, na anayetaka kulichukua saa kumi alfajiri anapaswa kubisha mlango. Mama anauliza nani na nani wanakwenda. Anahesabu majaketi. Kisha anamwamsha wa kidato cha kwanza, aanze kujiandaa kwenda shule.